Jina Kwenye Kitabu cha Akiba

Barua ya ofisi ya kodi iliingia kupitia tundu la mlangoni Jumanne saa nne asubuhi. Jeanette Oldroyd, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule, alikuwa amepiga magoti mbele ya oveni, akijaribu kwa mara nyingine kuufunga mlango wake kwa waya. Waya ukakatika. Akavuta kiti kimoja cha mezani, kile kilichofanya kazi hiyo miaka mitatu mpaka mgongo wake ukababuka rangi, akakisukuma mpaka kikaubana mlango. Kisha akaenda kuokota barua, akaona ni ya Malcolm, akaiweka pembeni ya birika. Barua zote za nyumba ile zilikuwa za Malcolm.

Malcolm alirudi saa saba mchana kutoka zamu ya alfajiri. Alikuwa dereva wa treni za mizigo, anavuta kokoto kutoka machimboni na kupita nazo Doncaster kuelekea kusini, na vumbi lake lilimfuata mpaka jikoni. Alivua buti, akanawa, akaisoma barua amesimama. Kisha akaketi, akaisoma tena.

"Mia na tisa," alisema.

"Mia na tisa nini?"

"Pauni. Kila mwezi. Wananikata kwenye mshahara kuanzia Aprili, kwa ajili ya riba ya nyumba ya Mama."

Nyumba ya mama yake ilikuwa imeuzwa mwaka uliotangulia, baada ya mama huyo kufariki, na pauni elfu themanini na nne zilikuwa zimekaa katika chama cha akiba cha mjini kwa mkataba wa mwaka mmoja. Zilikuwa zimezaa elfu tatu mia saba na themanini. Kwa mshahara wa Malcolm, serikali ilimwachia mia tano za mwanzo tu, na zilizobaki ikachukua asilimia arobaini.

"Mtu wa mshahara wa kawaida wanamwachia elfu moja," Malcolm alisema. "Mimi mia tano. Kosa langu nini? Kuamka saa tisa usiku."

"Na ile akaunti isiyokatwa kodi?"

"Nimeshaijaza mpaka kikomo cha mwaka huu. Unadhani mimi mjinga?"

"Nimeuliza tu, Malcolm."

Jeanette alimwekea soseji na viazi vya kuponda. Alikuwa na jambo la kusema kuhusu oveni, lakini alilimeza. Mara tatu tangu nyumba iuzwe alikuwa ameomba oveni mpya, ya pauni mia nne na hamsini, na mara tatu alijibiwa jibu lile lile: pesa za Mama haziguswi. Sasa zilikuwa zimeguswa na watu wengine, na mumewe alikula kama mtu aliyefiwa.

"Mkataba unaisha tarehe ishirini na nane," Malcolm alisema. "Nisipofanya kitu, unajifunga wenyewe mwaka mwingine, na hawa jamaa wanakula tena elfu na mia tatu."

Nje mvua ya Februari ilikuwa ikinyesha bila haraka. Jeanette akaosha sahani.

Ijumaa ilikuwa siku ya risiti. Kila Ijumaa Malcolm aliweka pauni mia na thelathini za matumizi katika kopo la biskuti juu ya friji, na kabla ya kuziweka alizichomoa risiti za wiki iliyopita kwenye msumari wa ukutani ambako Jeanette alizichomeka, akazijumlisha kwa kalamu ya risasi. Mshahara wa Jeanette mwenyewe, pauni mia sita na tisini za mwezi kutoka jiko la shule ya msingi, uliingia katika akaunti ya Malcolm. Ulianza kuingia huko mwaka ule shule ilipoacha kulipa kwa bahasha. Malcolm alisema hakuna haja ya kufuga akaunti mbili, na wakati ule ilionekana ni busara.

"Umezidisha pauni nne na peni themanini," alisema.

"Siagi imepanda."

"Siagi kwako wewe inapanda kila wiki."

"Basi nenda wewe ukaishushe."

Malcolm hakucheka, lakini pia hakukasirika. Alionekana ana jambo. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka mfuko wa shati, akailaza mezani na kuipapasa inyooke.

"Dougie wa depo amenipa wazo. Yeye ameshafanya, na hajakatwa hata peni. Pesa tunazihamishia kwako. Mshahara wako haufiki hata pale kodi inapoanzia, elfu kumi na mbili mia tano na sabini. Una nafasi tele pale ulipo, imekaa bure. Riba yote ikiingia kwa jina lako, kodi sifuri."

"Zote elfu themanini na nne?"

"Zote."

Jeanette alihisi masikio yake yakipata moto. Kwa miaka saba alikuwa amemwogesha mama yake Malcolm, amembadilisha nguo, amemlisha kwa kijiko, asubuhi kabla ya kazi, mchana baada ya kazi, na usiku. Hakuwahi kufikiria kulipwa. Lakini sasa, kwa dakika moja, alifikiri mumewe anataka kumwambia kitu.

"Saini hapa tu," Malcolm alisema.

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, jinsi madereva wanavyojaza taarifa za injini. Ilisema: MIMI, JEANETTE OLDROYD, NAKIRI KUWA PAUNI 84,000 ZILIZO KATIKA AKAUNTI YANGU NI MALI YA MUME WANGU. SITATOA CHOCHOTE BILA RUHUSA YAKE. AKIZITAKA, NITAMRUDISHIA SIKU HIYO HIYO.

"Ya nini hii?"

"Ya usalama."

"Usalama wa nani?"

"Jeanie, usianze. Pete, dereva mwenzangu, alimhamishia mkewe elfu arobaini bila kuandikiana. Mwanamke akaondoka nazo mpaka Uhispania na fundi wa vigae."

"Mimi simjui fundi wa vigae hata mmoja."

"Hata mke wa Pete alikuwa hamjui, mpaka bafu lao lilipovunjika." Akamsogezea kalamu. "Ni karatasi tu. Haitoki humu ndani."

"Nitaisoma vizuri kwanza, nikiwa na miwani."

"Miwani iko puani kwako."

"Basi nitaisoma nikiwa sijachoka," Jeanette alisema, akaikunja na kuitia mfuko wa aproni. "Jumapili nitakujibu."

Jumamosi Malcolm alikuwa na zamu, kwa hiyo Jeanette alitumwa peke yake kwenda kufungua akaunti. Alivaa koti lake la kanisani. Katika pochi alikuwa na pasipoti, na barua mbili ambazo alizitafuta nusu saa nzima.

Karani alikuwa binti mchangamfu mwenye kucha za rangi ya zambarau. Aliitazama pasipoti, akaandika, akatikisa kichwa.

"Mashine inagoma kukuthibitisha, mpenzi. Usijali, hutokea. Una bili yoyote yenye jina lako na anwani? Gesi, umeme, maji?"

"Bili ziko kwa jina la mume wangu."

"Kodi ya halmashauri je?"

"Hiyo nayo."

"Simu? Taarifa ya benki? Mshahara wako unaingia wapi?"

"Kwake."

Binti aliacha kuandika. Foleni nyuma ya Jeanette ilikuwa na watu watano, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Jeanette akatoa barua ya kwanza, jarida la kanisa lililotumwa kwa posta. Binti akatabasamu kwa huruma. Akatoa ya pili.

"Hii ni ya hospitali, mpenzi. Inakuita kupimwa matiti. Hatuipokei."

Mzee aliyekuwa nyuma yake alinyanyua macho, akawa anasoma tangazo la mikopo lililobandikwa ukutani kwa bidii kubwa.

"Mume wangu anaweza kuja kusema kwamba naishi naye?"

"Hapana, lazima iwe karatasi. Pole sana. Umeishi hapo muda mrefu?"

"Miaka thelathini na nne," Jeanette alisema.

Alitembea mpaka nyumbani ingawa basi lilikuwepo. Njiani aliomba, si kwa maneno mengi. Alimshukuru Mungu kwamba kwake mtu anaingia bila kuulizwa bili ya gesi, kisha akaomba asiseme jambo la hasira kabla ya Jumapili kupita.

Baada ya ibada, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa la Wamethodisti, Bi Ackroyd ndiye aliyemimina chai. Alikuwa na miaka sabini na minane, mtunza hazina wa kanisa, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na sita katika ofisi ya kodi. Watu walimwogopa kidogo. Jeanette alingoja mpaka wengine walipoondoka, akachukua kitambaa, akaanza kumsaidia kukausha vikombe.

"Bi Ackroyd, naweza kukuuliza kitu cha kodi siku ya Bwana?"

"Kodi haina sabato. Uliza."

Jeanette akaeleza, kisha akatoa karatasi. Bi Ackroyd aliisoma mara moja tu.

"Wazo la kuhamisha pesa ni zuri," alisema. "Ni halali, na ni watu wengi wanaopoteza pesa kwa kutolijua. Mume na mke wanaweza kupeana, na hakuna kodi kwenye kupeana. Wewe una nafasi mpaka elfu kumi na mbili na nusu, halafu kwa riba peke yake una nyingine elfu sita juu yake. Sifuri kweli. Mumeo hajakosea hesabu."

"Namshukuru Mungu."

"Ngoja. Sheria inataka akupe. Akupe kabisa, jinsi ninavyokupa kikombe hiki ukaenda nacho kwako, na sina haki ya kuja kukidai. Karatasi hii inasema hajakupa. Inasema wewe ni kabati lake. Kabati halilipi kodi, mama. Anayelipa ni mwenye kabati."

"Kwa hiyo nikisaini..."

"Ukisaini, riba ni yake, na kodi ni yake, hata jina lingekuwa la nani. Na kama ataiambia ofisi kwamba ni yako, huku karatasi hii iko kwenye droo, huo ni uongo. Wenu wote wawili."

Jeanette alikausha kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka.

"Hakuna njia ya katikati?"

"Ipo. Akaunti ya majina mawili. Riba inagawanywa nusu kwa nusu. Nusu yako haikatwi. Nusu yake..." Bi Ackroyd alitazama dari, midomo ikicheza. "Mia tano na hamsini na sita kwa mwaka. Ndiyo bei yake."

"Bei ya nini?"

Bi Ackroyd akamrudishia karatasi yake.

"Ya chochote kile kinachomzuia kukupa," alisema. "Nipe hicho kisosi."

Chakula cha Jumapili kilikuwa nyama ya kuoka na pudini za Yorkshire, vikate vya unga na mayai vinavyoliwa na mchuzi. Pudini zile hutaka oveni yenye moto mkali na mlango uliofungwa kikamilifu, vinginevyo hazipandi. Jeanette aliziandaa akijua zitakavyokuwa. Alipokivuta kiti na kufungua, zilikuwa zimelala.

"Kama soli za kiatu," Malcolm alisema, akichukua mbili. "Umesaini?"

"Hapana. Na sitasaini."

Malcolm aliweka uma chini.

Jeanette akamweleza yote aliyoambiwa na Bi Ackroyd, taratibu. Alieleza habari ya kabati, na habari ya nusu kwa nusu. Malcolm alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Umemwonyesha yule bibi karatasi yangu? Mambo ya nyumba yangu yanajadiliwa kwenye chai ya kanisa?"

"Alikuwa anakausha vikombe na mimi. Hakuna mwingine aliyesikia."

"Nani atajua kuna karatasi? Itakaa kwenye droo. Ofisi ya kodi haiji kupekua droo."

"Mimi nitajua. Siwezi kusaini hapa kwamba si zangu, halafu wakiniuliza niseme ni zangu. Siwezi, Malcolm. Nitasimamaje kanisani?"

"Wewe ni mke wangu, si mchungaji wangu."

"Basi nipe kama mke. Au usinipe, ukatwe. Au weka nusu kwa nusu. Sikuombi hata peni. Nakataa kabati tu."

"Elfu themanini na nne, Jeanie! Mama alivunja mgongo kwa ile nyumba. Nikupe tu hivi hivi, kama peremende? Na ukiondoka?"

Malcolm hakuwa amekusudia kuyasema maneno hayo. Yalitoka, yakakaa mezani kati ya mchuzi na karoti. Jeanette aliyatazama kwa utulivu ambao baadaye alijua hakujipa mwenyewe.

"Niondoke niende wapi?" alisema. "Jana nimekwenda kufungua hiyo akaunti. Wamenirudisha. Hawaamini kwamba naishi hapa."

"Hawaamini vipi?"

"Hakuna karatasi. Wametaka bili yenye jina langu, sina. Taarifa ya benki, sina. Nimewapa barua ya hospitali ya kupimwa matiti, akaisoma mbele ya foleni, wakairudisha. Miaka thelathini na nne, Malcolm, na sina karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nalala humu."

"Upuuzi. Zipo."

Aliinuka kwa kishindo, akaenda kwenye droo ya kabati la sebuleni ambako alihifadhi kila kitu. Jeanette alimsikia akichambua. Gesi, maji, umeme, bima ya nyumba, leseni ya televisheni, halmashauri. Alimsikia akisema "hii hapa," kisha akaendelea kuchambua. Nyama ilipoa. Jeanette hakuinuka. Alifumba macho, akaomba kwa ajili ya mumewe, kwa kuwa hakujua aombe nini kwa ajili yake mwenyewe.

Malcolm aliporudi alikuwa ameshika karatasi moja tu, ya manjano pembeni. Ilikuwa fomu ya zamani ya posho ya matunzo ya mama yake. Palipoandikwa jina la mgonjwa palikuwa na jina la mama yake. Chini, palipoulizwa ni nani anayemtunza, anamsaidia mara ngapi kwa siku na mara ngapi usiku, yeye mwenyewe Malcolm alikuwa amejaza kwa herufi zake kubwa: JEANETTE OLDROYD. Kisha anwani yao. Kisha: MCHANA MARA SITA. USIKU MARA TATU.

"Ndiyo pekee?" Jeanette aliuliza.

"Ndiyo pekee."

"Ni ya zamani mno. Hawataipokea."

"Najua."

Aliiweka mezani, akakaa. Alikula pudini zote nne zilizolala, moja baada ya nyingine.

Siku mbili alinuna. Malcolm hakuwa mtu wa kununa kwa kelele. Alinuna kama treni iliyosimama kwenye taa nyekundu, injini ikinguruma. Jeanette alikwenda kazini, akagawa maharage na viazi kwa watoto mia mbili, akarudi. Jumatano alimkuta mumewe amekaa mezani na simu sikioni. Mbele yake ilikuwa ile karatasi ya herufi kubwa, imegeuzwa upande wake mtupu, na hapo alikuwa ameandika namba za simu kwa mpangilio: halmashauri, gesi, maji.

"Ndiyo, liongeze," alikuwa akisema. "O, L, D... ndiyo, kama langu. Ni mke wangu. Hapana, hajahamia sasa. Yuko siku zote."

Alipomaliza kuongea alichora mstari juu ya neno halmashauri.

"Bili mpya itafika Jumatatu," alimwambia Jeanette bila kumtazama. "Wa gesi wananichezesha muziki dakika ishirini. Tengeneza chai."

Jeanette akatengeneza chai. Kwa kuwa hakuuliza kitu, hakuambiwa kitu.

Tarehe ishirini na sita walikwenda pamoja. Binti mwenye kucha za zambarau alimkumbuka Jeanette, akaipokea bili ya halmashauri kwa mikono miwili, akasema, "Hii sasa ndiyo yenyewe." Akaunti ikafunguliwa. Kisha akamgeukia Malcolm.

"Unataka kuhamisha kiasi gani, Bwana Oldroyd?"

"Zote."

"Kwenda akaunti ya majina mawili, au ya Bi Oldroyd peke yake?"

Jeanette alitazama mbele. Mpaka dakika ile hakuwa anajua. Walikuwa wamekula, wamelala, wamepanda basi, na hakuwa amemuuliza, kwa sababu alitaka jambo hilo litoke kwa mwenye nalo.

Malcolm alikuwa anaitazama kalamu ya kaunta, ile iliyofungwa kwa mnyororo mdogo ili isiibwe.

"Yake peke yake," alisema.

"Sawa. Kwa pesa nyingi hivi lazima nikuulize maswali. Kuna mtu amekushinikiza kuhamisha pesa hizi?"

"Ofisi ya kodi."

Binti akacheka, kisha akajikaza. "Namaanisha mtu aliyekupigia simu, au amekutisha."

"Hakuna."

"Na unaelewa kwamba zikishahama ni zake? Hutaweza kutoa. Hata ukipiga simu kuulizia salio, hatutakwambia."

Malcolm aliigusa ile kalamu, akaiachia. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Naelewa."

"Niandike ni kwa ajili ya nini?"

"Andika zawadi."

"Samahani, sijasikia."

"Zawadi!" Malcolm alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Kwa mke wangu."

"Heri yake," mwanamke mmoja kwenye foleni alisema.

Kitabu kilitoka kwenye mashine kikiwa na joto. Kilikuwa kidogo, cha buluu, na juu yake palikuwa pameandikwa Bi J. Oldroyd. Jeanette alikitia kwenye pochi, kati ya pasipoti na kitabu cha nyimbo, akafunga zipu. Mlangoni Malcolm alisimama, akapapasa mifuko yake yote kama mtu aliyesahau funguo.

"Una kila kitu?" Jeanette alimuuliza.

"Nadhani," alisema.

Wiki mbili Malcolm hakutaja pesa. Mara moja tu, akiwa anavaa buti, aliuliza, "Kile kitabu umekiweka mahali salama?" Jeanette akajibu, "Ndiyo," na Malcolm akafunga kamba za buti kwa muda mrefu.

Alhamisi ya wiki ya tatu, Malcolm akiwa njiani na mabehewa ishirini na mawili ya kokoto, wanaume wawili walileta oveni. Waliitoa ya zamani, wakaunganisha mpya, wakajaribu moto. Mmoja akatoa karatasi ya kupokelea mzigo.

"Nani anasaini, mama? Mwenye nyumba yupo?"

"Mimi," Jeanette alisema, akasaini.

Walipoondoka, alikitazama kile kiti kilichobaki katikati ya jiko hakina kazi. Mgongo wake ulikuwa umebabuka, umekuwa mweusi katikati, lakini miguu ilikuwa mizima. Alikifuta kwa kitambaa chenye sabuni, akakirudisha mezani. Ilikuwa miaka mitatu tangu meza ile iwe na viti vinne.

Malcolm aliingia, akaiona oveni. Alisimama mbele yake, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akaenda kunawa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Alichomoa risiti kwenye msumari, akajumlisha. Alizihesabu mara mbili, akatazama sakafuni kama kuna iliyoanguka.

"Nyingine haipo?" aliuliza.

"Ipo," Jeanette alisema. "Lakini si ya hapo."

Kalamu ya Malcolm ilisimama. Jeanette aliendelea kumenya viazi, akijua kwamba hapa ndipo jambo zima lilipokuwa: si pale kaunta mbele ya watu, bali hapa, mbele ya msumari. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia Malcolm akivuta pumzi ya kusema.

"Sawa," Malcolm alisema. Akaweka pauni mia na thelathini kwenye kopo la biskuti, akalifunga.

Jumapili alikuwa wa kwanza kufika mezani. Viti vitatu vilikuwa karibu naye, lakini alizunguka, akavuta kile kilichobabuka, akakikalia. Kililia kidogo, kikamshika. Jeanette akafungua oveni, akatoa trei, akaiweka katikati. Pudini zilikuwa zimepanda mpaka zikapita kingo, za rangi ya dhahabu, zenye mashimo makubwa ya kuwekea mchuzi.

Wakainamisha vichwa, Jeanette akashukuru kwa chakula. Malcolm akasema amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"Zimesimama," alisema, akachukua mbili.

"Mlango unafunga," Jeanette alisema, akampitishia mchuzi.